Baada ya Kipimo cha Siki: Kutibiwa Mabadiliko ya Mlango wa Kizazi na Kupona Ipasavyo

Mwanamke anapoambiwa na muuguzi kwamba mlango wake wa kizazi umeonyesha weupe, au anapopokea majibu ya maabara yanayosema kuwa ana chembe zisizo za kawaida, neno la kwanza linalomjia ni saratani. Mara nyingi hilo silo alilokusudiwa kuelezwa. Kinachosemwa ni kwamba baadhi ya chembe zinazofunika mlango wa kizazi zimebadilika, karibu siku zote kwa sababu ya HPV, virusi vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, na kwamba zikiachwa miaka mingi bila kutibiwa, baadhi yake zinaweza kugeuka kuwa saratani. Tiba yenyewe huchukua dakika chache, na wanawake wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kazi kubwa zaidi hufanywa na mwenyewe akiwa kwake: kukilinda kidonda mpaka kifunge, kufuatilia majibu kama kinyama, yaani kipande kidogo cha mlango wa kizazi, kilichukuliwa kupimwa maabara, na kurudi kupimwa tena baada ya miezi 12. Mwongozo huu unafuata safari hiyo yote, na umeandikwa hasa kwa wanaohudumiwa Tanzania na nchi jirani, ambako kipimo cha siki na tiba ya siku hiyo hiyo vimeenea.

Majibu yanasema nini

Tukubaliane kwanza juu ya majina. Wengine huita mlango wa kizazi, wengine shingo ya kizazi, na nchini Kenya utasikia pia lango la uzazi. Zote ni sehemu moja, ile ya chini ya mji wa mimba inayoingia juu ya uke. Katika kipimo cha siki, mtoa huduma hupaka asidi ya asetiki, yaani siki, yenye nguvu ya asilimia 3 hadi 5, husubiri dakika moja au zaidi, kisha hutazama. Chembe zilizobadilika hugeuka kuwa nyeupe kwa muda, na mpaka wa weupe huo ndio unaomwongoza anayetibu. Kipimo cha Pap kwa upande wake huchukua chembe na kuzipeleka chini ya hadubini, na kipimo cha HPV hutafuta virusi vyenyewe.

Iwapo kinyama kilikatwa na kupelekwa maabara, majibu huandikwa kwa herufi CIN na namba 1, 2 au 3. CIN 1 ina maana kwamba virusi vipo na vimeleta mabadiliko mepesi, ambayo kwa wanawake wengi huondoka yenyewe, kwa hiyo daktari anaweza kuamua kusubiri na kupima tena. CIN 2 na CIN 3 ndizo hutibiwa, kwa sababu zina uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kutoka New Zealand, uliowafuatilia wanawake ambao CIN 3 yao haikutibiwa ipasavyo, ulionyesha kwamba takriban 30 kati ya kila 100 walipata saratani ndani ya miaka 30. Namba hiyo isomwe kwa pande zote mbili: hatari ni ya kweli, na muda wa kuizuia upo.

Muda huo si sawa kwa kila mtu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, mabadiliko huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani, lakini kwa mwenye kinga iliyodhoofika, kwa mfano anayeishi na VVU bila kutumia dawa, yanaweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu. Wanawake wanaoishi na VVU wana uwezekano mara 6 zaidi wa kupata saratani hii, na ndiyo sababu wauguzi wa CTC, yaani kliniki za huduma na tiba kwa wanaoishi na VVU, huwasisitiza sana kupima. Kuwa na VVU si sababu ya kuahirisha tiba ya mlango wa kizazi, wala tiba hiyo si sababu ya kusimamisha dawa za kufubaza virusi.

Yafaa pia kujua kwamba weupe unaoonekana kwa siki hausemi ni daraja gani la mabadiliko, na wakati mwingine huletwa na uvimbe wa kawaida. Maana yake ni kwamba miongoni mwa wanaotibiwa siku hiyo hiyo wapo ambao wangepona bila kuguswa. Baadhi ya watu huona huo ni udhaifu wa utaratibu mzima. Kwa maoni yangu ni biashara ya haki, kwa kuwa tiba ni nyepesi, na mwanamke aliyetoka kijijini kwa nauli ya kukopa akiambiwa arudi baada ya mwezi, huenda asirudi kabisa.

Ni tiba gani utakayopewa

Tiba ziko za aina mbili. Ya kwanza huziua chembe mahali zilipo, kwa joto au kwa baridi kali. Ya pili hukata kipande chenye chembe hizo na kukitoa. Uamuzi hautegemei ukali wa maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi pekee. Hutegemea zaidi mahali weupe ulipo. Ikiwa eneo lote linaonekana vizuri, halijaingia ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi, halijatanda kupita robo tatu ya mlango, na hakuna kinachoashiria saratani, basi joto au baridi hutosha. Lisipotimiza masharti hayo, utakatwa kinyama au utapewa rufaa. Kwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi, eneo linalohusika mara nyingi huwa limejivuta ndani lisionekane lote, kwa hiyo mama wa miaka 55 asishangae akipewa tiba tofauti na aliyopewa binti yake.

Tiba joto hutumia kifaa kidogo chenye ncha inayopashwa moto wa nyuzi joto 100 au zaidi, na kila mguso huchukua sekunde 20 hadi 30 au zaidi kidogo. Baadhi ya vifaa hivyo hutumia betri na hushikwa kwa mkono mmoja, jambo lililovifanya vifike hata kwenye vituo visivyo na umeme wa uhakika. Tiba mgando ni ya zamani zaidi. Gesi ya kaboni dioksidi, au ya naitrasi oksaidi, hupoza ncha ya chuma iliyogusishwa kwenye mlango wa kizazi hadi nyuzi nyingi chini ya sifuri. Hugandishwa dakika 3, huachwa iyeyuke dakika 5, kisha hugandishwa tena dakika 3. Inafanya kazi vizuri, ila mitungi ya gesi ni mizito na huisha, na hilo ndilo limevifanya vituo vingi vihamie kwenye joto.

LEEP ni kukata kwa waya mwembamba uliopindwa mfano wa pete na kupitishiwa umeme. Hapa pana mkanganyiko wa lugha unaostahili kutajwa: mtoa huduma akisema kuwa atatumia kitanzi, baadhi ya wanawake hudhani anataka kuwawekea kitanzi cha uzazi wa mpango. Hakuna kinachoachwa ndani. Waya hupita, hutoa kipande, na kipande hicho hutiwa kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, na kupelekwa maabara. Faida ya LEEP ndiyo hiyo, kwamba daktari atajua kwa hakika kulikuwa na nini. Kwa tiba joto na tiba mgando chembe huharibiwa na hakuna cha kupima. Njia ya mwisho, ya kukata kipande chenye umbo la pia kwa kisu, hufanyika chumba cha upasuaji kwa nusu kaputi au sindano ya mgongoni, na hutumika pale mabadiliko yanapokuwa yameingia ndani au saratani inaposhukiwa.

Je, zinafaa? Tiba mgando huponya takriban wanawake 86 hadi 95 kati ya 100, na LEEP 91 hadi 98. Hao wachache wanaosalia ndio hufanya miadi ya miezi 12 kuwa ya lazima, na hakuna dalili yoyote mwilini itakayomwambia mtu kwamba yeye ni mmoja wao.

Kabla ya kupanda kitandani

Kama umepewa tarehe badala ya kutibiwa papo hapo, chagua siku za mara tu baada ya hedhi kumalizika. Mlango wa kizazi huonekana vizuri zaidi wakati huo, na pia utakuwa na wiki tatu hivi za kupona kabla hedhi nyingine haijaja kukuchanganya kuhusu damu unayoiona.

Mweleze mtoa huduma mambo yafuatayo hata asipouliza: kama kuna uwezekano wowote wa ujauzito, kwa sababu tiba kwa kawaida huahirishwa hadi angalau wiki 6 baada ya kujifungua, kama unatumia dawa za kuyeyusha damu au una historia ya kutokwa damu isiyokoma, kama una ugonjwa wa moyo au umewahi kudhurika na sindano ya ganzi, kama una kitanzi cha uzazi wa mpango, ili nyuzi zake zisogezwe pembeni, na kama una uchafu wenye harufu au maumivu ya chini ya kitovu, ambayo huenda yakahitaji dawa kwanza.

Siku mbili kabla usijamiiane, usiweke dawa yoyote ukeni, na usijisafishe kwa ndani. Kula kama kawaida ikiwa utapewa ganzi tu. Vaa gauni au sketi pana, beba pedi mbili na khanga, na njoo na mtu wa kurudi naye. Kwa njia za joto na baridi, kidonge cha ibuprofeni au parasetamoli nusu saa hadi saa moja kabla husaidia kupunguza maumivu ya mkazo. Katika vituo vingi vya umma Tanzania uchunguzi wa awali hautozwi, lakini LEEP na kipimo cha kinyama huenda vikawa na gharama, kwa hiyo uliza mapema kiasi gani, tena uliza pia majibu yatatoka lini na yatachukuliwa dirisha lipi.

Ridhaa ni yako. Unayo haki ya kuuliza ni tiba gani, kwa nini hiyo na si nyingine, na kitakachotokea usipotibiwa. Ukitaka kwenda kwanza kuzungumza na mumeo, nenda, ila ondoka na tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye kadi, na iwe ya karibu.

Kinachotokea ukiwa kitandani

Utalala chali, miguu ikiwa imekunjwa au imewekwa kwenye vishikio, na mtoa huduma ataingiza spekulamu, kifaa cha kupanua uke, kama alivyofanya wakati wa kupima. Atapaka siki tena ili aone mpaka wa eneo. Mlango wa kizazi hauhisi joto na baridi kama ngozi inavyohisi, ndiyo maana tiba joto na tiba mgando mara nyingi hufanyika bila ganzi. Utakachohisi ni mkazo wa tumbo la chini unaofanana na wa hedhi. Kwa tiba mgando wengine huhisi uso ukiwaka joto na kichwa kikizunguka, hasa wakisimama haraka. Baki umelala dakika kumi, kisha kaa, ndipo usimame.

Kwa LEEP, kibandiko kitawekwa kwenye paja ili kukamilisha njia ya umeme, na ganzi itachomwa kwenye mlango wa kizazi wenyewe. Ganzi hiyo aghalabu huchanganywa na adrenalini ili kupunguza damu, na adrenalini ndiyo inayofanya moyo uende mbio na miguu itetemeke kwa dakika chache. Ni vyema kulijua hili kabla, kwa sababu wengi wasioambiwa hudhani wanakufa. Utasikia mashine ikivuma, kwa kuwa inafyonza moshi, na unaweza kunusa harufu ya kitu kilichoungua. Usijivute wala kukohoa ghafla wakati waya unapita. Ukiumia, sema kwa mdomo nao watasimama. Kukata kwenyewe hakuzidi dakika moja au mbili. Mwishoni hupakwa dawa nzito ya rangi ya kahawia ya kuzuia damu, na mabaki ya dawa hiyo yatatoka siku chache zinazofuata yakiwa meusi kama machicha ya kahawa. Hiyo si damu iliyooza.

Kabla ya kuondoka, hakikisha kadi yako imeandikwa vitu vitatu: aina ya tiba, tarehe, na tarehe ya kurudi.

Wiki nne za kwanza

Mlango wa kizazi sasa una kidonda kibichi, na kidonda hicho hakionekani, hakiumi sana, wala hakifungwi bendeji. Hapo ndipo penye mtego. Siku ya tano mwanamke hujiona mzima, akasahau.

Baada ya tiba joto au tiba mgando, majimaji mengi mepesi yatatoka, mengine yakiwa na wekundu kidogo, kwa muda wa wiki 2 hadi 4 na wakati mwingine kuzidi. Wingi wake huwashtua wasiotayarishwa, hasa waliofanyiwa tiba mgando, kwa maana huenda ukahitaji pedi kila siku. Baada ya LEEP, kinachotoka huwa cha kahawia au damu kidogo kwa wiki 1 hadi 3. Kati ya siku ya 7 na ya 14 gaga la kidonda hubanduka, na damu inaweza kuongezeka ghafla kwa siku moja au mbili. Kwa sababu hiyo, aliyefanyiwa LEEP asipange safari ya kwenda mbali na hospitali katika wiki mbili za mwanzo. Msiba au harusi ya kijijini inaweza kuwakilishwa na mtu mwingine.

Muda wote wa wiki 4, usiingize kitu chochote ukeni. Maana ya kitu chochote ni pana kuliko watu wanavyodhani. Ni kujamiiana, ndiyo, lakini pia ni tampuni, kikombe cha hedhi, kidole chenye sabuni, maji ya ndimu, shabu, asali, majani na unga wa dawa za kubana. Wanawake wa pwani waliozoea kujifukiza kwa udi au mvuke wa majani nao waache mpaka kidonda kipone, maana joto na moshi havisafishi kidonda. Oga kwa maji ya kawaida, osha sehemu ya nje tu, badilisha pedi mara kwa mara. Kuoga baharini, mtoni au kwenye bwawa kusubiri. Ukipewa dawa za kuua vijidudu, zimalize hata kama hujisikii mgonjwa.

Kazi za ofisini, kushona, kuuza dukani na kupika unaweza kuzirudia siku inayofuata. Kazi zinazokaza tumbo ndizo za kupunguza katika wiki mbili za kwanza, hususan kwa waliofanyiwa LEEP: kubeba ndoo ya lita 20 kichwani, kutwanga, kulima, kupakia magunia. Ninajua kwamba ushauri huu ni rahisi kuandika kuliko kuufuata katika nyumba ambayo maji huchotwa na mama peke yake. Kama huwezi kuacha, gawanya mzigo, tumia madumu ya lita 5, na uombe msaada kwa wiki hizo mbili tu. Ombi lenye mwisho hukubalika upesi kuliko lisilo na mwisho.

Hedhi inayofuata inaweza kuwahi, kuchelewa au kuja nzito kuliko kawaida. Kuhusu swala na saumu, wapo wanaokaa wiki tatu bila kuswali wakidhani wako katika hedhi. Damu hii ni ya kidonda. Mweleze hivyo mwalimu wako wa dini ili akupe jibu linalolingana na hali yako.

Rudi kituoni bila kusubiri miadi ukiona homa inayozidi nyuzi 38 au kutetemeka kwa baridi; maumivu makali ya tumbo la chini yasiyotulizwa na dawa; majimaji yenye harufu mbaya au rangi ya usaha; damu inayozidi siku yako nzito kabisa ya hedhi na kuendelea zaidi ya siku 2; au mabonge ya damu. Damu ikijaza pedi nzima ndani ya saa moja, nenda usiku huo huo. Ukifika mapokezi, sentensi yako ya kwanza iwe kwamba ulitibiwa mlango wa kizazi tarehe fulani, na uonyeshe kadi, kwa sababu mhudumu anayemwona mwanamke akitokwa damu hufikiria kwanza mimba iliyoharibika, na muda hupotea.

Mazungumzo na mume

Wiki nne bila tendo la ndoa ndilo sharti linalovunjwa zaidi, na si haki kumwachia mwanamke peke yake kulilinda. Panapowezekana, mume aje kliniki asikie kwa masikio yake. Asipokuja, maneno ya kumwambia ni mafupi: nina kidonda ndani, kikiguswa kabla hakijapona kitatoa damu na kupata vijidudu, nimeambiwa nisubiri mpaka tarehe hii. Tarehe iliyoandikwa na muuguzi huwa na uzito ambao maneno ya mke wakati mwingine hunyimwa.

Iwapo kusubiri hakuwezekani kabisa, kondomu itumike kila mara kwa wiki zote hizo. Kwa anayeishi na VVU jambo hili lina uzito wa ziada, kwa kuwa kidonda kinaweza kutoa virusi kwa wingi zaidi. Na kwa asiye na VVU, kidonda hicho hicho ni njia iliyo wazi ya kuambukizwa.

Swali linalofuata kwa kawaida ni nani aliyeleta ugonjwa. Halina jibu. Virusi vya HPV huwapata watu wengi walioanza kujamiiana, wake kwa waume, huweza kukaa kimya mwilini kwa miaka mingi, na wengi huviondoa wenyewe ndani ya miaka miwili hivi bila kujua kwamba walikuwa navyo. Kuvigundua leo hakuthibitishi kuwa mtu ametoka nje ya ndoa mwaka huu. Mume hahitaji sindano wala vidonge, kwa sababu hakuna dawa ya kuua virusi hivyo. Tiba uliyopewa inaondoa chembe zilizoharibika. Anayekuuzia dawa ya kusafisha HPV kwa wote wawili anakuuzia maji.

Majibu ya kinyama na suala la kuzaa

Kama ulifanyiwa LEEP, usihesabu kwamba umemaliza mpaka uisome karatasi ya maabara pamoja na daktari. Muulize mambo mawili. La kwanza ni daraja lililoonekana, na kama kuna saratani yoyote. Ikiwepo, utapelekwa kwenye hospitali yenye huduma za saratani, kama Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam au Bugando jijini Mwanza. La pili ni hali ya kingo za kipande kilichokatwa. Kingo safi zina maana kwamba eneo lote limetoka. Kingo zenye mabadiliko hazilazimu kukatwa tena papo hapo, ila hukuongezea sababu ya kurudi kwa wakati. Karatasi hupotea na simu hubadilishwa namba, kwa hiyo ukipita muda ulioambiwa bila kusikia lolote, usichukulie ukimya kuwa ni habari njema; nenda ukaulize.

Wengi huogopa kwamba hawatazaa tena. Tiba joto na tiba mgando hazijathibitika kupunguza uwezo wa kushika mimba. LEEP huongeza kidogo uwezekano wa mtoto kuzaliwa kabla ya wakati, na uwezekano huo hukua kadiri kipande kilichokatwa kinavyokuwa kirefu au kukatwa kunavyorudiwa; kukata kwa kisu huongeza zaidi. Hiyo si sababu ya kukataa tiba inayozuia saratani, lakini ni sababu ya kumweleza daktari kabla ya tiba kwamba bado unataka watoto, na ya kumwambia mkunga katika hudhurio la kwanza la kliniki ya wajawazito. Mara chache mfereji wa mlango wa kizazi hujibana unapopona. Hedhi ikikoma kutoka huku tumbo likiuma kila mwezi, rudi ukaangaliwe.

Mwezi wa kumi na mbili

Weka tarehe hiyo kwenye simu, kwenye kadi, na kwenye kichwa cha mtu mwingine unayemwamini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka kila aliyetibiwa apimwe tena baada ya miezi 12, na kipimo kinachopendekezwa ni cha HPV pale kinapopatikana. Pasipo nacho, siki au Pap hutumika. Majibu yakiwa mazuri, mwanamke asiye na VVU hurudi kwenye ratiba ya kawaida, ambayo kwa kipimo cha HPV ni kila miaka 5 hadi 10 na kwa siki ni kila miaka 3. Anayeishi na VVU hupimwa mara nyingine baada ya miezi 12 zaidi, kisha ndipo aingie kwenye ratiba ya kila miaka 3 hadi 5. Mabadiliko yakionekana tena, tiba hurudiwa, na ikiwa ya kwanza ilikuwa ya joto au baridi, daktari mara nyingi huchagua LEEP ili safari hii kinyama kipatikane cha kupima.

Ukihama mkoa kabla ya miezi hiyo kutimia, huna haja ya kurudi ulikotibiwa. Kliniki ya afya ya uzazi na mtoto, au CTC, ya huko uendako itakupokea ukiwa na kadi yako, na kama kadi imepotea, watajie aina ya tiba na mwezi ulipotibiwa. Na siku ukienda, kama una binti wa kati ya miaka 9 na 14, mpeleke akapate chanjo ya HPV ambayo Tanzania hutoa kwa dozi moja tangu mwaka 2024.